Ubeti wa Pili wa Wimbo wa Saba

Kidole kipo palepale tulipokiacha Jumamosi iliyopita. Ni kidole cha shahada cha fundi wa sauti, juu ya kitufe cha kufutia. Nyuma ya kiti chake amesimama Ngurumo, mwimbaji wa bendi ya roki aliyeamua kuwa nyota bila bendi. Na mlango wa studio umefunguliwa bila hodi.

Mliobashiri kwamba aliyeingia ni Kaka Mkubwa, mmekosa. Mliobashiri polisi, punguzeni sinema. Aliyeingia ni meneja wa Ngurumo, mwanamke mwenye simu mbili na huruma nusu.

Aliuliza kama kazi imekwisha. Ngurumo akamjibu kwamba huyu fundi wao leo anaonekana kashikwa na ganzi ya vidole.

"Futa," akarudia. "Zote, na mimi naona."

Wewe uliyeokota gazeti hili leo ukisubiri zamu yako kwa kinyozi, ngoja nikuweke sawa upesi.

Bendi inaporekodi, mwimbaji huja mwisho. Kabla yake lazima mtu auimbe wimbo hivi hivi, kwa kukadiria, ili mpiga dramu na wapiga magitaa wajue wamefika wapi. Hiyo ndiyo sauti ya mwongozo. Mwimbaji akishaingiza ya kwake, ile ya mwongozo hufutwa, kama mwashi anavyobandua mbao zege likikauka. Hakuna anayeisifu wala kuikumbuka.

Nyimbo zote kumi na moja za albamu hii zilitungwa na Kaka Mkubwa, mpiga gitaa la besi, ndugu wa Ngurumo tumbo moja. Na kwa kuwa Ngurumo haamki kabla ya adhuhuri, sauti za mwongozo aliziimba huyo huyo Kaka Mkubwa, saa tatu za asubuhi, kandambili miguuni na kikombe cha maji ya moto mkononi. Albamu inaitwa Mimi Peke Yangu. Watu tisa wamepiga vyombo humo ndani, na majina yao hayapo kwenye jalada kwa sababu uso wa Ngurumo ulihitaji nafasi.

Sasa Kaka Mkubwa ana uvimbe kooni. Jumatatu anapasuliwa. Daktari kamwambia ataamka na sauti ya kunong'ona, au bila sauti kabisa. Mpaka siku hiyo aongee kidogo, na kuimba asijaribu hata ubeti mmoja, maana uvimbe unaweza kupasuka ukatoa damu.

Katika miaka ishirini ya bendi, hakuna mahali pengine sauti yake iliporekodiwa. Kila alipoisogelea maikrofoni, mdogo wake alimwambia arudi kwenye besi yake. Ndiyo maana mkewe alikuja kwa fundi wiki iliyopita, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayeomba ruhusa ya kupumua.

"Nitunzie hata wimbo mmoja, dada," alimwambia. "Watoto wasije wakasahau sauti ya baba yao."

Fundi aliahidi. Na kidole kipo juu ya kitufe.

Akamuuliza Ngurumo kama kaka yake anajua kinachofanyika hapa. Ngurumo alikuwa akijitazama kwenye kioo cha chumba cha kuimbia, akisawazisha kola.

"Kaka ni mtu wa besi," akasema. "Besi haiimbi, fundi. Huu ni usafi tu. Sitaki takataka zibaki zikinizungukazunguka."

Takataka. Huyu ndiye yule mtoto ambaye Kaka Mkubwa alimbeba mgongoni kwenda shule siku za mvua, tulikwishalisoma hilo sura ya pili. Asante ya punda mnaijua.

Fundi akabonyeza.

Msikunje gazeti kwanza. Fundi si mjinga. Alijua kwamba ukifuta kitu kwenye kompyuta hakiendi mbali, kinatupwa tu kwenye pipa la taka lililomo humo humo, na mwenye akili anaweza kukiokota baadaye. Alijua pia kwamba Ngurumo, pamoja na miaka yake ishirini studio, hajui hata kuwasha feni. Nyimbo kumi na moja zikatoweka kwenye kioo cha kompyuta moja baada ya nyingine, naye Ngurumo akatabasamu.

"Na pipa," akasema meneja, bila kuinua macho kwenye simu zake. "Limwage. Kisha folda nzima ya albamu, ifute. Kiwandani wameshachapa santuri, hatuihitaji."

Huyu sasa alikuwa anajua. Fundi akamwaga pipa, akafuta folda. Bado ilibaki diski ya akiba, iliyolala kwenye droo ya chini, chini ya nyaya zilizokatika.

Meneja akanyoosha kiganja.

"Na ile ya droo ya chini."

Alijuaje? Mtu anayeogopa ukweli hujifunza ulipo mlango wake wa nyuma. Ngurumo akaichukua diski kwa vidole viwili, akatazama huku na huku, akaona ndoo ya kupigia deki pale kwenye kona, na akaidumbukiza kwenye maji meusi. Akafuta vidole vyake kwenye pazia la studio.

Walipokuwa wanatoka, meneja alitupa karatasi mezani, akamwambia fundi aiweke kwenye faili lake, ni ile fomu ya idhini. Mlango ukafungwa.

Fundi aliitoa diski, akaikung'uta, akaifuta kwa khanga, akaichomeka. Haikusema kitu. Alilia, na hakuona haya kulia, kwa sababu aliahidi na ahadi imezama kwenye ndoo. Kisha akavuta ile karatasi aisogeze isilowe, na jicho likaangukia mwandiko wake mwenyewe.

Akaacha kulia.

Ilikuwa hivi. Wiki tatu nyuma alimpelekea Ngurumo nakala ya kusikilizia, si ya kuchapa. Juu ya fomu akaandika kwa kalamu nyekundu: "Wimbo wa saba haujakamilika. Ubeti wa kwanza tu ndio wa Ngurumo. Kuanzia wa pili hadi mwisho ni sauti ya mwongozo, nimeiweka kwa muda. Msiipitishe." Maana siku ya wimbo wa saba Ngurumo alikuja, akanywa asali, akaimba ubeti mmoja, akasema atarudi kumalizia. Mpaka leo yuko njiani.

Chini ya onyo hilo kuna maneno yaliyochapwa: "Nimesikiliza nyimbo zote mwanzo hadi mwisho na nimeridhika." Na hapo kuna sahihi ya Ngurumo, kubwa kama jina la duka, imepita juu ya wino mwekundu mpaka onyo lenyewe limekatika katikati. Pembeni meneja kaandika kwamba nakala hii hii ipelekwe kiwandani.

Fundi anaijua tabia ya Ngurumo. Huyu bwana husikiliza nusu dakika ya kila wimbo, ile anayoingia yeye, kisha huruka kwenda unaofuata. Hasikilizi muziki, anajitafuta. Akishajiona yupo, anaridhika.

Maana yake ni kwamba sauti ya Kaka Mkubwa ipo. Imefutwa kila mahali isipokuwa mahali pamoja, ndani ya santuri zenye uso wa mtu aliyeifuta.

Fundi mwaminifu kwa kazi yake angepiga simu kuwaonya kwamba wimbo wa saba una kosa. Aliinua simu. Akaiona ile ndoo. Akaishusha, kisha akaiinua tena, akampigia mke wa Kaka Mkubwa na kumwambia waje kwenye uzinduzi Alhamisi, wakae nyuma, wasikose wimbo wa saba.

Alhamisi saa tisa alasiri, ukumbi ulio juu ya duka la samani ulijaa waandishi wa habari. Wengine walikuwa wameshaandika sifa zao wakiwa nyumbani ili wawahi soda za bure. Fundi alikuwa pembeni na mtambo wake: kicheza santuri, maikrofoni moja ya hotuba, na swichi za kupandisha na kushusha sauti.

Kiti cha mbele kabisa alikaa Wembe. Huyu ni mama wa makamo, miwani yake ina kamba, anaandika kwa penseli. Kwa miaka ishirini amechambua kila santuri ya bendi ile, na kwa miaka ishirini ameandika kwamba wapiga vyombo ni hodari na mwimbaji ni debe tupu. Ngurumo humchukia kuliko ugonjwa.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, walikaa Kaka Mkubwa na mkewe. Kaka Mkubwa alikuwa na kitambaa shingoni. Alimpungia mdogo wake mkono, akacheka kimya, na mwanya wake wa meno ya mbele ukaonekana. Ngurumo hakuupokea mkono ule. Yeye alikuwa na mwanya kama huo zamani, wote nyumbani kwao wanao, ila ameuziba. Meno yake sasa yamebanana meupe kama vigae vya bafuni.

Santuri ikazunguka. Wimbo wa kwanza Ngurumo alipiga kelele. Wa pili alipiga kelele polepole. Wa tatu una mlio wa dakika nzima ambao karatasi waliyogawiwa wageni iliuita hisia, na mwandishi mmoja akaenda haja. Wembe hakuandika hata neno. Kufikia wa sita, alikuwa amechonga penseli mara mbili kwa kukosa kazi.

Wimbo wa saba. "Niachie Taa." Ngurumo akaufungua kwa ubeti wake mmoja, akauvuta na kuukamua kama nguo mbichi, akaumaliza.

Ndipo likasikika jambo dogo. Pumzi. Mtu alivuta pumzi, na pumzi ile ikapita kwenye meno na mluzi mwembamba. Mafundi huondoa pumzi kama hizo wanaposafisha sauti, lakini nani anasafisha sauti ya mwongozo?

*Nikichelewa kurudi, usilie ukachoka,*
*niachie taa moja, nione nilikotoka.*

Sauti ilikuwa ya chini, imekwaruzika kidogo, haina haraka, kama mtu anaongea na mkewe akiwa anavaa viatu aende kazini. Kabla ya kila mstari, mluzi. Aliyekuwa ametoka haja akasimama mlangoni, mkono ungali kwenye mkanda.

Na Ngurumo? Wasomaji wangu, Ngurumo alitikisa kichwa kwa kuridhika mistari minne mizima kabla ya kugundua kwamba anayeimba si yeye.

Akageuka. Akamtazama fundi, na macho yale yangeweza kukausha samaki. Fundi akatazama dari.

Kule nyuma mke wa Kaka Mkubwa aliushika mkono wa mumewe kwa mikono yake miwili na machozi yakamtiririka bila kuyafuta. Kaka Mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa akichezea kitambaa cha shingoni, kama mtoto aliyesifiwa mbele ya wageni.

Wimbo ukaisha. Yakaja makofi, makofi ya kweli, ya watu waliosahau soda. Wembe akasimama, na makofi yakakoma.

Alisema kwa miaka ishirini ameandika kwamba Ngurumo hajui kuimba, na kwa nyimbo sita za leo alikuwa tayari kuandika tena. Lakini ubeti ule wa pili umemnyamazisha. Alisema hajawahi kusikia sauti iliyojua kukaa mahali pake namna ile. Akataja hata ule mluzi mdogo kabla ya kila mstari, ambao mwimbaji muoga angeuficha.

"Kauli zangu nazifuta," akasema. "Wewe unaimba."

Haya, nafasi hiyo. Mbele ya watu wote, na kaka yake yuko hatua ishirini. Maneno matatu tu yangetosha: "Huyo ni kaka." Mtu mwenye chembe ya haya angeyasema na bado angeondoka na heshima. Fundi aliyasubiri. Hata mimi ninayesimulia, niliyemjua mtu huyu tangu sura ya kwanza, niliyasubiri.

Ngurumo akaweka mkono kifuani, akafumba macho.

"Sauti hiyo nilikuwa naitunza," akasema. "Na mluzi huo ni wangu tangu utotoni."

Kufutwa ni jambo moja, kuvaliwa ni jingine. Kama fundi ataondoka hapa amenyamaza, watoto wa Kaka Mkubwa watasikia sauti ya baba yao redioni na mtangazaji ataitaja kwa jina la baba mdogo. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akaitoa ile fomu yenye wino mwekundu na kuinuka.

Hakufika mbali. Meneja alikuwa ameshasimama ubavuni mwake, amejaa tabasamu, na karatasi ikachomolewa vidoleni mwake kirahisi kabisa, ikakunjwa mara nne na kuingia kwenye mkoba mwingine.

"Fungua mdomo," meneja akamnong'oneza, "uone kama kuna studio itakayokupa hata kufagia."

Fundi akaketi. Ushahidi umekwenda, folda imekwenda, diski imekwenda. Lakini Wembe alikuwa bado amesimama.

"Basi tuimbie," akasema. "Ubeti ule ule. Hapo hapo, bila chombo. Nataka nikauandike vizuri."

Waandishi wakapiga meza. Ngurumo akatazama mlango, akatazama meneja, akatazama maikrofoni iliyosimama mbele yake bila huruma. Kisha, Mungu atuhifadhi, uso wake ukapata wazo.

Akaligusa koo.

Akasema kwa sauti ya chini kwamba hakutaka kulitangaza hili leo, siku ya furaha. Kooni ana uvimbe. Jumatatu anapasuliwa. Daktari amemkataza kuimba, na huenda wimbo ule wa saba ukawa ndio wa mwisho wake.

Amemwibia kaka yake nyimbo, nikasema sawa, wezi wapo. Amemwibia sauti. Sasa anamwibia na ugonjwa. Mwandishi mmoja wa kike alifuta machozi, na kamera tatu zikamsogelea mgonjwa mpya.

Ndipo kiti kikakwaruza sakafu kule nyuma. Mke wa Kaka Mkubwa alikuwa amesimama.

"Shemeji," akasema, kwa utulivu wa mtu anayeuliza bei ya nyanya, "wewe unalazwa wodi gani? Maana mume wangu kapewa kitanda namba nne, Jumatatu hiyo hiyo, koo hilo hilo. Nisije nikakutandikia shuka zake."

Vichwa vyote viligeuka. Ngurumo hakukawia hata kidogo. Aliwaomba waandishi wamsamehe shemeji yake, kwa huruma nyingi, kwamba tangu apate habari za ugonjwa wake yeye Ngurumo amechanganyikiwa kwa majonzi. Meneja akaanza kumwendea yule mama amtoe nje. Wawili watatu wakatikisa vichwa kwa kumsikitikia, na penseli ya Wembe ikabaki hewani, haijui iandike nini.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Siku ile ilikuwa na urefu wa hatua ishirini, na Kaka Mkubwa alianza kuzitembea.

Hakumtazama mtu. Alipita katikati ya viti na viatu vyake vya kazi, akalegeza kitambaa shingoni, akafika kwenye maikrofoni. Ngurumo akamwambia kwa meno yaliyobana kwamba aketi, wataongea nyumbani. Kaka Mkubwa akamsogeza pembeni kwa kiganja, polepole, kama alivyokuwa akimsogeza kwenye madimbwi ya njia ya shule.

Maikrofoni ilikuwa imezimwa. Kaka Mkubwa akamtazama fundi.

Na kidole kile kile kilichofuta nyimbo kumi na moja kikawekwa juu ya swichi. Meneja aliliona hilo akiwa katikati ya ukumbi, akasema fundi asithubutu. Fundi akaipandisha mpaka mwisho.

Kaka Mkubwa akainama karibu. Hakusema neno. Akavuta pumzi tu.

Mluzi mwembamba ukapita kwenye mwanya wa meno yake, ukaingia kwenye vipaza sauti, ukaujaza ukumbi mzima kuanzia dari mpaka sakafu. Kila mtu aliujua. Walikuwa wameusikia dakika kumi tu zilizopita.

Wembe alivua miwani. Akautazama mwanya wa mzee yule, kisha akageuka akayatazama meno ya Ngurumo, yote, vigae vile vyeupe visivyoweza kupitisha hata uzi. Akaketi, akafungua ukurasa mpya na kuandika mstari mmoja. Ngurumo alifunga mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

Kaka Mkubwa angeweza kuishia hapo. Yatosha, kila aliyekuwepo amejua. Angerudi kwenye kiti chake na koo lake zima mpaka Jumatatu.

Lakini fundi, ambaye amesikiliza pumzi za waimbaji maisha yake yote, alitambua kitu kilichomfanya ashike meza. Pumzi ile ilikuwa ndefu mno kwa mtu anayetaka kuonyesha tu. Ilikuwa pumzi ya ubeti mzima.

Mkewe naye aliitambua. "Baba watoto," akaita kutoka kule nyuma, na sauti yake ikavunjika, "daktari alisema nini?"

Kaka Mkubwa akamtazama, akamtabasamia kwa mwanya wake wote, na akafumbua kinywa.